Kutoka Kijabe hadi Kunduchi Mtongani: shule ya kimataifa ya dini jijini Dar es Salaam

Haven of Peace Academy, maarufu kwa kifupi chake HOPAC, ni shule ya Kikristo ya kimataifa iliyopo Kunduchi Mtongani, wilayani Kinondoni, jirani na Barabara ya Bagamoyo. Ilianzishwa mwaka 1994, na waliolengwa kwanza ni watoto wa wamisionari. Leo madarasa yake yana watoto wa mataifa mengi wakichanganyika na Watanzania, na mwisho wa safari yao ya masomo ni mitihani inayotungwa Cambridge, Uingereza. Jina la shule ni jina la jiji lenyewe kwa Kiingereza. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kujenga mji kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, aliupa jina la Kiarabu lenye maana ya nyumba ya amani. Wenye kusema Kiingereza wakazoea kuuita bandari ya amani, na zaidi ya karne moja baadaye jina hilo, lililotolewa na mtawala Mwislamu, likapakwa rangi kwenye kibao cha shule ya Kikristo. Dar es Salaam imezoea michanganyiko ya namna hii, hakuna aliyeshangaa.

Asili ya shule za aina hii ni tatizo la familia, kabla ya kuwa tatizo la elimu. Mmisionari aliyetoka Marekani au Sweden kuja kukaa Singida au Mwanza alikuja na watoto, au aliwapata hapa. Mtoto alipofika miaka 6 au 7 wazazi walikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kumrudisha kwao akalelewe na bibi au shangazi, wakaonane tena baada ya miaka minne au mitano. Ya pili ni kumfundishia nyumbani, mama akawa mwalimu mezani palepale walipokula uji. Ya tatu ni bweni. Walutheri wa Kimarekani walikuwa na shule yao Kiomboi, Singida, katikati ya eneo lao la kazi. Africa Inland Mission ilikuwa na shule kubwa zaidi Kijabe, Kenya, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa: Rift Valley Academy, iliyoanza mwaka 1906. Jiwe la msingi la jengo lake kuu liliwekwa mwaka 1909 na Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka madarakani Marekani miezi michache tu kabla ya hapo na alikuja Afrika Mashariki kuwinda.

Kijabe palikuwa mbali. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 900, na mtoto alikwenda mara tatu kwa mwaka akiwa na sanduku lake na nguo zilizoshonewa jina kwenye ukosi. Safari hiyo ikawa ngumu maradufu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wazazi waliosoma bweni wenyewe wakaanza kusema wazi kile ambacho wazazi wao walikimeza kimyakimya, kwamba kumtenga mtoto wa darasa la kwanza na nyumbani kwao kuna gharama yake. Kufikia miaka ya 1990 familia nyingi za kimisheni zilitaka shule ya kutwa, mtoto atoke asubuhi na kurudi jioni kama mtoto mwingine yeyote.

Kwa nini Dar es Salaam, wakati misheni kongwe zilikuwa bara? Kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa imehama. Makanisa ya vijijini yalikwisha kuwa na wachungaji na maaskofu Waafrika, na wageni waliobaki walikuwa zaidi marubani, madaktari, wahasibu, watafsiri wa Biblia na watu wa miradi, ambao ofisi zao zilikuwa mjini. Tanzania nayo ilikuwa imelegeza uchumi na kurudisha vyama vingi mwaka 1992. Mashirika ya misaada yaliongezeka, na baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 yakaongezeka zaidi. Shule ya kimataifa iliyokuwepo jijini tangu mwaka 1963, International School of Tanganyika, ilitoza ada ambayo ubalozi au kampuni humlipia mfanyakazi wake. Mmisionari anayeishi kwa michango ya makanisa ya kwao hakuiweza.

Hiyo ni nusu ya hadithi, tena nusu ndogo. Shule ya watoto wa wamisionari peke yao hubaki ndogo, kwa sababu wamisionari wenyewe si wengi na hawakai. Kilichozikuza shule hizi ni nusu ya pili, na hiyo ilitoka kwa Watanzania.

Chini ya ukoloni shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Mtoto wa Kizungu alikuwa na Arusha School iliyofunguliwa mwaka 1934, na baadaye St. Michael's and St. George's ya Iringa, iliyofunguliwa mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya uhuru. Majengo yake ndiyo yaliyokuja kuitwa Mkwawa. Baada ya uhuru ubaguzi huo ulifutwa kwa sheria. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaipa serikali uwezo wa kuzichukua shule za mashirika ya dini. Makanisa yakabaki na seminari, yaani shule za kuandaa mapadri na wachungaji. Hapa kuna jambo la lugha linalostahili kutajwa: kwa kuwa seminari ndiyo aina ya shule ya dini iliyoachwa isimame, neno lenyewe likawa kinga, na Waislamu nao wakalitumia. Ndiyo maana Dar es Salaam ina seminari ya Kiislamu ya Al-Haramain, jina ambalo mgeni hudhani limekosewa.

Shule ya msingi ikawa ya Kiswahili na ya serikali. Shule zinazofundisha kwa Kiingereza zilihesabika kwa vidole, nazo zilikusudiwa zaidi watoto wa mabalozi na wataalamu wa kigeni. Kwa mtoto wa Kitanzania mlango wake ulikuwa mwembamba hata mzazi akiwa na fedha. Mwenye uwezo alitafuta pa kupitia. Kila Januari mabasi ya kwenda Namanga na Mutukula yalijaa watoto wenye matranka, wakipelekwa shule za bweni za Kenya na Uganda. Inafaa kuitazama picha hii kwa makini, kwani imeligeuza tatizo la Kijabe juu chini. Wakati mmisionari anahangaika mwanawe asivuke mpaka, Mtanzania alikuwa anauza ng'ombe wa baba yake ili wa kwake avuke.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyofungua mlango. Iliwaruhusu watu binafsi, makanisa na taasisi kuanzisha shule, na shule za msingi za kufundishia kwa Kiingereza zikachipua kila mtaa. Wengi wa waanzilishi walikuwa watu wa dini. Mchungaji Gertrude Rwakatare, kiongozi wa kanisa la Mlima wa Moto pale Mikocheni na baadaye mbunge, aliyefariki Aprili 2020, aliziita shule zake St. Mary's International, zikaanzia upande wa Tabata. Kiambishi cha Mtakatifu kilivuma hivi kwamba watu wa mjini, kwa kejeli, wakaibatiza shule ya serikali yenye wanafunzi mia kwenye darasa moja St. Kayumba. Utani huo haujafa hadi leo, na umesema kuhusu matabaka mambo ambayo ripoti nyingi zimeshindwa kuyasema.

Neno kimataifa lenyewe lilipata maana mbili. Kwenye vibao vingi vya Mbezi, Tegeta na Mbagala maana yake ni kwamba shule inafundisha kwa Kiingereza, ina basi la manjano na imepaka kuta rangi. Mtaala ni wa Tanzania na mtihani ni wa Baraza la Mitihani, NECTA. Shule ya kimataifa kwa maana ya pili, kama ile ya Mtongani, hufuata mtaala wa nje na hufanya mtihani wa nje. Cambridge ilianzisha cheti chake cha IGCSE mwaka 1988, na cheti hicho kikawa njia rahisi kwa shule ndogo: haihitaji kutunga mitihani, inapokea bahasha zilizofungwa, inasimamia, inarudisha, inasubiri matokeo ya Agosti.

Mzazi Mtanzania anayevuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hukutana na kalenda kwanza. Mwaka wa shule wa Tanzania huanza Januari. Wa shule hizi huanza Agosti na kuisha Juni. Mtoto aliyemaliza mtihani wa darasa la saba Septemba hukuta wenzake wa rika lake wameshaanza mwaka mpya wiki kadhaa nyuma. Apokewe katikati ya muhula, au akae nyumbani hadi Agosti ijayo? Hapo mwalimu wa usajili humpa jaribio la Kiingereza na Hisabati, na mara nyingi humrudisha darasa moja nyuma, jambo linalowaudhi wazazi kuliko ada. Mwisho wa njia kuna kizingiti kingine. Mwenye vyeti vya nje akitaka kuingia chuo kikuu cha Tanzania hupaswa kupata ulinganifu wa matokeo yake kutoka NECTA, ili A ya Cambridge ijulikane inalingana na nini hapa nchini.

Ada nayo ina hadithi yake. Shule za kimataifa zilizoea kuitaja kwa dola za Marekani. Mwaka 1994 dola moja ilikuwa kama shilingi 500. Katikati ya 2024 ilivuka 2,600. Shule isiyopandisha ada hata senti moja kwa miaka 30 ingekuwa imempandishia mzazi wa Kitanzania mara tano. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni zinazokataza kutangaza na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, shule zikiwemo. Bei ikaandikwa kwa shilingi. Hesabu iliyo nyuma ya bei ni jambo jingine.

Kinachoifanya shule ya kimisheni iwe nafuu kuliko zile za kibalozi ni mshahara wa mwalimu. Kwa kawaida mashirika kadhaa ya kimisheni huungana, na kila shirika huleta walimu wake. Mwalimu huyo halipwi na shule, au hulipwa kidogo. Makanisa ya kwao, Ohio au Yorkshire, humchangia nauli, pango na matumizi. Mwalimu wa Fizikia anayelipwa na waumini asiopata kuwaona ni hazina, ila ni hazina isiyotabirika. Michango ikipungua, anaondoka. Mama yake akiugua, anaondoka. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia nayo ilikaza masharti: mwajiri anatakiwa kuonesha kwamba kazi hiyo haikupata Mtanzania mwenye sifa, na aoneshe mpango wa kumrithisha Mtanzania. Kwa hiyo shule za aina hii zimeongeza walimu wa Kitanzania na Waafrika wa nchi jirani, nao ni watu wa kulipwa mshahara kamili. Mshahara unapanda, ada inapanda, na mmisionari aliyeanzishiwa shule anakuta yeye ndiye anayehitaji punguzo. Ni mduara ambao waanzilishi wa 1994 wasingeuona hata wakitaka.

Dini yenyewe hufanya kazi kwa utulivu kuliko inavyodhaniwa. Kuna somo la Biblia kwenye ratiba, kuna ibada ya pamoja mara moja kwa wiki au zaidi, kuna sala kabla ya kikao cha wazazi. Shule nyingi za namna hii hupokea watoto wa dini zote, na Waislamu na Wahindu hupeleka wa kwao wakijua wanakowapeleka. Kinachowavuta, wakiulizwa, huelezwa kwa neno moja la Kiswahili: nidhamu. Mzazi anataka mahali ambapo mwanawe hatafundishwa kumjibu mkubwa ovyo, na huhesabu kwamba shule inayomwogopa Mungu, wa dini yoyote, itamlinda kuliko isiyomwogopa. Hesabu hiyo ni ya zamani pwani. Shule ya kwanza ya Aga Khan Afrika Mashariki ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1905. Jumuiya ya Khoja Shia Ithnaasheri ya Dar es Salaam ina shule zake za Al Muntazir, Upanga. Na hukohuko Kunduchi kuna shule ya sekondari ya wasichana ya Kiislamu. Mtaa mmoja unaweza kumaliza watoto wake asubuhi, huyu kushoto na kitambaa kichwani, yule kulia na Biblia begani.

Kiswahili ndicho kinachoteseka. Shule hizi hukifundisha, na Cambridge ina mtihani wa Kiswahili katika ngazi ya IGCSE, lakini hufundishwa kama lugha ya kigeni, na darasa huweza kuwa na Mkorea aliyekuja mwezi uliopita akikaa dawati moja na mzaliwa wa Tegeta. Mkorea anasonga mbele. Mzaliwa wa Tegeta anarudi nyumbani na kusema kitabu yangu na viatu hii, na bibi yake, aliyekuja kutoka Rufiji kutazama wajukuu, anamwuliza mama yake kama mtoto ana shida ya ulimi. Si shida ya ulimi. Ngeli hujifunzwa kwa kusikia, na mtoto huyo anasikia Kiswahili kwa dereva, kwa dada wa kazi na kwenye gari, basi.

Mwaka 1994 Mtongani palikuwa nje ya mji. Sensa ya 1988 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 1.36, ya 2022 iliikuta na milioni 5.38, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilijaa pembeni, kaskazini kuelekea Bunju na kusini kuelekea Chamazi. Leo saa 12 asubuhi mabasi ya manjano ya shule za kila aina hupita Barabara ya Bagamoyo yakiwa yamebanwa na malori ya saruji yanayotoka kiwanda cha Wazo Hill, malori ya kokoto, daladala za Tegeta, na wanawake wanaoshuka ufukweni Kunduchi na ndoo zao kununua samaki. Barabara ilipanuliwa kati ya Mwenge na Tegeta mwanzoni mwa muongo uliopita. Foleni ikapungua, viwanja vikapanda bei, nyumba zikajaa, foleni ikarudi. Shule iliyofuata ardhi ya bei nafuu sasa imezungukwa na kuta za majirani, na ikitaka darasa jipya hujenga kwenda juu.

Wageni hawakai. Mtaalamu wa mradi hupewa mkataba wa miaka miwili au mitatu. Mmisionari hurudi kwao kila baada ya miaka michache kutembelea makanisa yanayomchangia, na safari nyingine harudi tena. Mwanasosholojia Ruth Hill Useem, aliyechunguza familia za Wamarekani waliokuwa India katika miaka ya 1950, aliwaita watoto wa maisha haya watoto wa utamaduni wa tatu: si wa kwa wazazi wao, si wa wanakoishi, bali wa hapo katikati. Kila Juni wanaagana, wakiandikiana kwenye fulana za shule kwa kalamu ya rangi. Mtoto wa Kitanzania anaandikiwa na wengi kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye anayebaki, na Agosti huanza upya kutafuta rafiki.

Machi 2020 ilionesha uzito wa jambo hilo. Tarehe 17 mwezi huo serikali ilifunga shule kwa ajili ya korona. Familia nyingi za kigeni ziliondoka na ndege za mwisho, Cambridge ikafuta mitihani ya Mei na Juni na kutoa alama kwa makadirio yaliyotokana na kazi za darasani. Shule zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni, mabalozi na mashirika hawakuwa wamerudi. Shule iliyotegemea wageni tupu ilikuwa na madawati matupu. Iliyokuwa na Watanzania wa kutosha iliendelea kulipa walimu.

Shule nyingine, hii ikiwa imeanzia hospitalini, imekwisha kupita njia hii. International School Moshi ilianzishwa mwaka 1969 ili wapate pa kusoma watoto wa madaktari wa hospitali ya KCMC, mradi uliosimamiwa na makanisa chini ya Mlima Kilimanjaro. Kidogo kidogo ikawa shule ya kimataifa isiyo ya dini, na mwaka 2019 ikaingia katika mtandao wa dunia wa UWC ikiitwa UWC East Africa. Haikufa, ilibadilisha kitu kilichoiunganisha. Kwa shule za Kinondoni swali ni lilelile, ila jibu linaelekea upande mwingine, kwa kuwa mzazi wa Kitanzania anayejaza nafasi ya mgeni mara nyingi ni muumini kuliko mgeni aliyeondoka. Kadiri Wazungu wanavyopungua kwenye ukumbi, ndivyo nyimbo za ibada zinavyoimbwa kwa sauti.

Upande wa Temeke hali ni tofauti. Kurasini kuna makao ya Baraza la Maaskofu Katoliki, Mgulani kuna Jeshi la Wokovu na shule yake ya watoto wenye ulemavu, Mtoni kuna kituo cha Walutheri, na madrasa ziko kila kichochoro kuanzia Tandika hadi Mbagala. Dini ipo tele. Shule ya mtaala wa nje ndiyo adimu, kwa sababu mabalozi na mashirika walipanga nyumba Msasani, Masaki na Mbezi Beach, na mabasi ya shule hufuata nyumba. Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016 limeanza kuvuta watu Kigamboni, eneo lililokatwa kutoka Temeke na kufanywa wilaya miaka hiyohiyo. Kiwanja kikubwa karibu na bahari, kama walichopata wamisionari Mtongani, sasa hutafutwa huko, na wanaokitafuta safari hii ni makanisa na jumuiya za hapahapa.